Namna ya Kujiibia Mwenyewe na Usishikwe

Mwongozo huu si wa mwenye mshahara. Mwenye mshahara ana tarehe. Akisema "mwisho wa mwezi" anajua anachokisema. Huu ni wako wewe unayelipwa siku mteja akipenda: mpiga picha wa harusi, mpambaji, mtafsiri, MC, fundi wa tovuti, mchora mabango. Wiki hii simu imelia, umepokea elfu themanini. Wiki tatu zinazofuata hailii ila kwa matangazo ya bahati nasibu. Siku moja unashtuka, unafungua duka la programu, unaandika neno bajeti, na zinakujia programu chungu nzima, kila moja na duara lake la rangi. Unapakua moja, na jambo la kwanza inakuuliza: kipato chako cha mwezi ni kiasi gani?

Usijibu. Kaa nami kwanza.

Nitakupa njia za mkato, kwa sababu njia ndefu unaijua na hukuifuata. Nidhamu tunaiweka kando. Tutatumia uvivu wako, aibu yako na kupenda kwako sifa. Hivyo unavyo tele, na havihitaji kufundishwa. Kazi yetu ni moja: kuzitoa pesa mkononi mwako kabla hujaziona vizuri, na kuifanya simu iandike hesabu wewe ukiwa umelala. Mfano wetu awe mpiga picha wa harusi wa Mombasa, maana sijui kipato kinachopanda na kushuka kama chake.

1. Anza na siku utakayoiacha

Utaiacha. Karibu kila mtu huiacha. Wiki ya kwanza utaandika hata mahamri na chai ya asubuhi. Wiki ya pili utakuwa harusini Likoni mpaka saa nane za usiku, kesho yake utakuwa na matumizi ya siku mbili kichwani, keshokutwa ya siku tatu, na hapo mambo yamekwisha.

Kwa hiyo usiulize programu inafanya nini siku unapoipenda. Uliza itakupokeaje ukirudi baada ya wiki sita za kimya. Iko itakayokuonyesha wiki sita nyekundu na msururu wa arifa za kukulaumu. Hiyo utaifuta kwa hasira, na utakuwa na haki. Iko itakayokuuliza tu: leo una shilingi ngapi? Chukua hiyo.

Na ujue kwamba nayo yaweza kukuacha. Mint ilikuwa programu ya bajeti iliyopendwa mno Marekani. Ilianza 2007, kampuni ya Intuit ikainunua 2009 kwa dola milioni 170, na Machi 2024 ikafungwa. Watu waliokuwa na hesabu za zaidi ya miaka kumi humo ikabidi wakimbilie kupakua kumbukumbu zao. Basi kabla hujaizoea programu yoyote, ijaribu hivi: ingiza miamala mitatu ya kubuni, tafuta kitufe cha kutoa data, uone kama unapata faili la CSV linalofunguka kwenye Excel. Kitufe hakipo? Kipo lakini mpaka ulipe? Ifute hapo hapo, hata kama rangi zake zimekuvutia.

2. Usiandike chochote

Kuandika ndiko kunakoua hesabu, na sisi tuna bahati ambayo wengi duniani hawana. Tangu Machi 2007, Safaricom ilipoanzisha M-Pesa, simu imekuwa karani wetu. Kila muamala una namba yake, saa, jina na salio. Ukiomba taarifa kamili ya miamala, inakuja kwa barua pepe, PDF iliyofungwa kwa nywila. Hilo ni daftari la mwaka mzima ambalo hukuliandika hata mstari mmoja, na ni sahihi kuliko lolote ambalo ungeliandika.

Basi programu nzuri kwako ni ile inayokubali daftari hilo. Nyingi zinazosifiwa nje zimetengenezwa kuzungumza na benki za Marekani na Ulaya. Laini yako haziijui. Usishawishike na orodha ndefu ya mabenki zinayoyaunganisha. Tafuta kama inapokea faili la miamala. Kama haipokei, utakuwa unaandika kwa mkono, na hilo tumeshakubaliana hutalifanya.

Ziko pia zinazosoma SMS zako moja kwa moja na kujipangia zenyewe. Mwenye iPhone asihangaike nazo, huko programu haziruhusiwi kuchungulia sanduku la ujumbe. Kwenye Android zinawezekana, ingawa Google ilizibana sana mwaka 2019: ruhusa ya kusoma SMS haitolewi ovyo, ila programu za kufuatilia matumizi zimo miongoni mwa zinazoweza kuiomba. Ukiweka moja, ijaribu kwa wiki moja. Kama laini yako umeiweka Kiswahili, hakikisha inaelewa "umepokea" na "umelipa", isije ikawa inakusubiri uzungumze Kiingereza.

Hapa nakusihi kweli. Kuna programu za mikopo zinazovaa kanzu ya bajeti. Utazitambua kwa ruhusa zinazoomba. Programu ya bajeti haina haja na majina yaliyomo simuni mwako. Anayetaka orodha ya watu wako anataka kujua atampigia nani siku ukichelewa kulipa: mama mkwe, mwajiri wa zamani, bibi arusi wa wiki ijayo. Watu wameaibishwa hivyo mno nchini Kenya, hata Benki Kuu ikatoa kanuni za wakopeshaji wa mitandaoni mwaka 2022. Ikiomba majina, ikatalie. Isipokubali kufanya kazi bila majina, itoe simuni.

Pesa taslimu nazo? Usizifuate. Ukitoa elfu tano kwa wakala, hizo ni elfu tano zilizotumika, basi. Kundi lake liite "taslimu" na usiulize zimekwenda wapi. Utajua jumla yake kila mwezi, na jumla ikikutisha utatoa kidogo mwezi ujao. Mahesabu ya ndizi na nauli ya tuktuk yamewavunja moyo watu wengi waliokuwa na nia njema.

3. Pesa za kazi zipite mlango wake

Nusu ya uhasibu ni kujua shilingi hii ni ya biashara au ya nyumbani. Unaweza kulijibu swali hilo mara mia nne kwa mwaka, au ulijibu mara moja tu: wateja walipe kwa njia moja, wewe ule kwa nyingine. Laini ya pili inatosha. Namba ya till inatosha. Pochi la Biashara inatosha pia, maana inatenganisha pesa za biashara na zako ndani ya laini ile ile, bila kununua simu ya pili. Mwenye akaunti mbili za benki tayari ameshamaliza hatua hii bila kujua.

Utakapofanya hivyo, hata programu mbovu itakupa hesabu nzuri. Usipofanya, hata programu ya bei ghali itakuonyesha kwamba ada ya shule ya mtoto ni gharama ya kupiga picha.

Jambo moja la kuangalia sana. Tangu Januari 2019 kuna Fuliza, mkopo wa papo hapo wa M-Pesa, na Fuliza hujilipa yenyewe: pesa ikiingia kwenye laini yenye deni, deni linakatwa kwanza. Mteja anakutumia elfu kumi za kununulia albamu, wewe unaona elfu sita na mia kadhaa. Albamu haijanunuliwa, na mteja ana ushahidi wa elfu kumi. Laini inayopokea pesa za kazi isiguse Fuliza kabisa. Ukitaka kufuliza, fuliza kwenye laini ya kula.

4. Arubuni si yako

Hapa ndipo wapiga picha wengi wanapozama, na hakuna programu inayowaonya, kwa sababu programu ikiona pesa imeingia inashangilia.

Angalia mwezi wa Shaaban. Watu wanapanga harusi za baada ya Ramadhani. Wanakuja kuweka tarehe, kila mmoja anaacha arubuni: kumi, kumi na tano, ishirini. Ndani ya wiki mbili umepokea elfu tisini na hujabonyeza kamera hata mara moja. Programu inachora mshale wa kijani kwenda juu. Unajiona tajiri, unabadilisha simu. Ramadhani inaingia, harusi zinasimama, unakula iliyobaki. Mfunguo Mosi unafika, harusi sita mfululizo, na kila mteja amebakiza nusu tu ya malipo, ilhali wewe una msaidizi wa kumlipa, petroli ya kutia na albamu sita za kuchapisha. Kukopa harusi, kulipa matanga.

Dawa yake ni bahasha moja yenye jina la mteja na tarehe ya shughuli. Ndani ya programu iite "Arubuni", au fungua sehemu ya akiba ambayo haigusiki kwa kubonyeza mara moja tu. Pesa inakaa humo mpaka usiku wa harusi uishe. Asubuhi yake, ukiwa na usingizi na miguu inauma, ihamishe: sasa ni yako. Programu isiyokuruhusu kuweka pesa kando bila kuihesabu kuwa kipato au matumizi haikufai, hata ikiwa inatumiwa na watu milioni kumi.

5. Jiajiri, ujipunje

Hii ndiyo siri kubwa, nimeichelewesha makusudi.

Toa taarifa yako ya miezi kumi na miwili. Tuseme mpiga picha wetu aliingiza 900,000 kwa mwaka, akatumia 180,000 kwa petroli, msaidizi na uchapishaji. Amebaki na 720,000. Kwa wastani ni 60,000 kwa mwezi, na wastani huo ni mtego mtupu. Mwezi wake bora ulikuwa 240,000, mwezi wa Ramadhani 12,000. Hakuna mwezi hata mmoja aliopata 60,000. Akiishi kwa wastani, atashinda njaa mwezi mmoja na kualika mtaa mzima mwezi mwingine.

Fanya hivi. Toa kwanza moja ya tano, humusi kamili, nitakwambia ni ya nani. Zimebaki 576,000, yaani 48,000 kwa mwezi. Sasa jipunje: jiambie mshahara wako ni 40,000. Chagua tarehe, tuseme tarehe tano. Kila tarehe tano, pesa inatoka kwenye mlango wa kazi inaingia kwenye laini yako ya kula, 40,000, si zaidi, hata kama jana umelipwa laki mbili. Wewe ni mwajiri mgumu wa mfanyakazi anayekubali kila kitu. Zinazobaki, karibu laki moja kwa mwaka, ndizo zitakazokulipa mshahara ule ule Ramadhani harusi zitakapolala, na Aprili na Mei mvua itakapofukuza watalii.

Hapo sasa utaelewa kwa nini lile swali la mwanzo halikukufaa. Programu inayokutaka utabiri kipato ilitengenezewa mtu mwingine. Tafuta inayogawa pesa uliyonayo tu. YNAB ndiyo maarufu kwa mtindo huo: ilianza 2004 kama jedwali la Jesse Mecham, mwanafunzi aliyekuwa na mke na pesa za kubana, na mpaka leo kanuni yake ni kwamba kila dola iliyopo ipewe kazi, isiyokuwepo iachwe. Ni kanuni nzuri kuliko zote kwa mtu kama wewe. Lakini bei yake ni dola 109 kwa mwaka. Kwa kiwango cha shilingi 129 ni zaidi ya 14,000. Lipa kama unajijua kuwa mtu anayethamini kilichomgharimu, wako watu hivyo. La sivyo kuna Actual Budget, inayofuata mtindo huo huo wa bahasha na haina malipo, ila kuisimika kunataka rafiki anayejua kompyuta. Na kuna Goodbudget, ambayo toleo lake la bure lina bahasha za kutosha kwa mtu mmoja mwenye mahitaji ya kawaida.

Kalenda nayo. Programu hupenda kulinganisha Machi hii na Machi iliyopita. Kwa mpiga picha wa Pwani huo ni upuuzi. Ramadhani hurudi nyuma takriban siku kumi na moja kila mwaka: 2025 ilianza mapema Machi, 2026 wiki ya tatu ya Februari, na mwaka 2030 itaingia mara mbili, Januari na tena siku za mwisho za Desemba. Msimu wako unatembea na mwezi wa angani. Mchoro wa programu umeganda ukutani. Ukiona programu inakuruhusu kuchagua mwenyewe siku ya kuanza na ya kumaliza, pima kutoka Mfunguo Mosi hadi Mfunguo Mosi, utaona ukweli. Kama hairuhusu, usiangalie michoro yake kabisa. Angalia salio la bahasha, inatosha.

6. Humusi ni ya Serikali, ifiche

Nilikwambia utoe moja ya tano. Kwa viwango vya Sheria ya Fedha ya 2023, aliyebakiwa na 720,000 kwa mwaka anadaiwa kodi ya takriban 124,600 baada ya nafuu ya shilingi 2,400 kwa mwezi. Ongeza bima ya afya ya jamii, SHIF, asilimia 2.75, ambayo ni 19,800. Jumla inafika karibu kabisa na moja ya tano. Kipato chako kikiwa kidogo kuliko huyu, humusi itakubakizia. Kikiwa kikubwa zaidi, ongeza. Usipige hesabu kila mara. Kila pesa ya kazi ikiingia, ukishatoa gharama zake, moja ya tano inahama siku hiyo hiyo kwenda mahali ambapo kuitoa kunachosha: akaunti ya kufunga ya M-Shwari, au mfuko wa soko la fedha ambao unangoja siku moja mbili kabla haujakulipa. Ucheleweshaji huo ndio ulinzi wako. Ukitamani viatu saa nne za usiku, mpaka pesa itoke tamaa itakuwa imelala.

Tarehe ziweke kwenye simu leo, usizitie kichwani: kama kodi yako ya mwaka inapita 40,000, unailipa kwa awamu tarehe 20 za Aprili, Juni, Septemba na Desemba, salio la mwaka uliopita mwisho wake ni 30 Aprili, na ripoti yenyewe inawasilishwa kwenye iTax, tovuti ya Mamlaka ya Mapato (KRA), kabla ya 30 Juni kwisha. Ukichelewa, faini ni shilingi 2,000 au asilimia 5 ya kodi unayodaiwa, ile iliyo kubwa.

Sasa njia ya mkato tamu, ambayo ni halali tupu. Kampuni ikikuita kupiga picha za hafla yao kwa 60,000, itakutumia 57,000. Zile 3,000 ni asilimia 5 iliyokatwa na kupelekwa KRA kwa PIN yako ya kodi. Zimeshalipwa, ni kodi yako. Lakini wengi huandika 57,000 kama kipato na kusahau. Wewe andika 60,000 na uweke 3,000 chini ya "kodi iliyokatwa". Cheti chake kiko iTax, kihifadhi. Juni utakapoketi kuandika ripoti, hizo elfu tatu tatu zinapunguza deni. Programu isiyojua kutofautisha kilichotozwa na kilichopokelewa itakufanya ulipe mara mbili.

Kuhusu ankara, usinunue programu ya uhasibu kwa sababu hiyo tu. Tangu Januari 2024 gharama ya biashara inatambuliwa na KRA ikiwa ina ankara ya eTIMS, mfumo wake wa ankara, na kampuni nyingi hazikulipi bila hiyo. Lakini eTIMS ya mtu mdogo ni bure: piga *222# au ingia eCitizen. Na ukinunua betri au kulipia uchapishaji, omba ankara yenye PIN yako hapo hapo dukani, kabla hujatoka. Ukisema utarudi, hutarudi.

7. Tumia aibu, tumia sifa

Arifa ya programu unaweza kuizima. Shangazi huwezi. Kwa hiyo mshahara wako utangaze. Mwambie mkeo au mumeo: mimi nalipwa tarehe tano, arobaini. Waambie wa chama kwamba mchango wako unatoka tarehe sita. Ukishasema mbele ya watu utajilipa kweli, kwa sababu kupungukiwa mbele ya chama kunauma kuliko mstari mwekundu simuni.

Na tarehe hiyo itakukinga. Ukionekana kwenye harusi ya kifahari na kamera mbili shingoni, kesho yake simu zitalia. "Mwanangu, nimesikia umepata kazi kubwa." Usiseme huna, si kweli, na sauti itakusaliti. Sema: "Mjomba, shikamoo. Kazi nimefanya, lakini mimi nalipwa tarehe tano. Tukifika tarehe tano nitakupigia mwenyewe." Na umpigie kweli. Weka bahasha ya jamaa ndani ya programu, yenye kiasi chake kila mwezi, kwani watu wako ni watu wako. Ikiisha, imekwisha mpaka tarehe tano nyingine, na huna haja ya kuficha uso.

Wadaiwa nao. Najua kudai kunakuchoma, hasa mdaiwa akiwa jirani ambaye mama yake alikula pilau na mama yako. Basi hapa ndipo programu ya ankara inapostahili pesa yake: chagua inayotuma ukumbusho wenyewe, tarehe uliyopanga, kwa lugha ya adabu, jina la biashara juu. Mteja akilalamika, sema mfumo ndio unaotuma. Ni kweli, ndio unaotuma. Heshima yako imebaki, na pesa inakuja.

8. Sasa chagua upesi

Kama unafanya kazi peke yako: taarifa ya miamala, Google Sheets yenye safu tano, bahasha za Goodbudget. Hapo umemaliza, na hujatumia shilingi. Kama una wateja wa kampuni wanaochelewa kulipa: ongeza programu ya ankara yenye ukumbusho. QuickBooks, Xero na Zoho Books ni vyombo vya kazi kwelikweli, lakini ni vya mtu mwenye wafanyakazi, au anayekaribia mauzo ya milioni 5 kwa mwaka ambapo VAT inamsubiri. Ukifika huko, mtafute mhasibu kwanza, yeye ndiye akuchagulie programu, kwa sababu ndiye atakayeishi nayo.

Usikae wiki nzima ukilinganisha. Kulinganisha programu kunafurahisha kwa sababu kunafanana na kazi.

9. Ukishaanguka

Utaanguka miezi mitatu, pengine minne. Harusi zitazidi, au zitakosekana, yote mawili humfanya mtu afunge macho. Siku ukirudi, usijaze nyuma. Nakuomba, usikae usiku kucha ukikumbuka ulinunua nini Agosti. Wengi wanarudi kwa nia safi, wanaanza kufukua, wanachoka kabla ya kufika Septemba na hawaonekani tena.

Fungua programu. Angalia salio la kila laini na kila akaunti, liandike kama lilivyo. Tofauti kati ya linaloonekana na linalotarajiwa, iweke kwenye mstari mmoja uitwao "marekebisho", hata ikiwa ni elfu thelathini. Usiulize zilikwenda wapi. Taarifa ya M-Pesa inazo zote, na Juni ukizihitaji kwa ajili ya KRA utazikuta. Hamisha humusi ya pesa zilizoingia tangu mara ya mwisho, au sehemu utakayoweza. Hesabu arubuni za harusi ambazo bado, uone kama bahasha inazo. Kama haina, anza na harusi iliyo karibu zaidi: mpigie mwenye duka la kuchapisha albamu leo, muelewane bei na siku, kabla mteja hajakupigia wewe.

Kisha angalia ni lini tarehe tano.